Jina la Jirani Yangu Limo Orodhani: Maswali Yenu Kuhusu Fedha za Korona kwa Wakulima wa Marekani

Barua zilizochapishwa hapa zimetoka kwa wasomaji wetu wanaoishi Marekani, na zote zinahusu jambo moja: fedha ambazo serikali ya nchi hiyo iliwapa wakulima wakati wa janga la UVIKO-19, pamoja na orodha za waliozipokea, ambazo leo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuzifungua. Tumezifupisha, na kwa ombi la waandishi hatukuweka majina.

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi na mume wangu tumekodi ekari mbili nje kidogo ya Lewiston, jimbo la Maine. Tunalima nyanya, mchicha, mahindi na maboga, na tunauza kwenye gulio la Jumamosi. Jirani yetu ni mzee mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, ambaye kila mwaka hutulimia kwa trekta lake bila kutudai zaidi ya fedha ya mafuta. Juzi mwanangu alinionyesha orodha kwenye simu, na humo jina la shamba la mzee huyu limeandikwa mara mbili, pamoja na kiasi alichopewa na serikali wakati wa korona. Tangu hapo wenzetu gulioni wanasema mzee alikula fedha za bure ilhali sisi hatukupata hata senti. Fedha hizo zilikuwa za nini? Na je, ni halali kweli mambo ya mtu kuanikwa namna hiyo? (Msomaji, Maine)

JIBU: Dada yetu, tuanze na hilo la jina kuandikwa mara mbili, kwa sababu ndilo linalofungua mengine yote. Orodha aliyokuonyesha mwanao huenda ni mkusanyo wa orodha za ofisi mbili, zilizotokana na mipango miwili ambayo haikufanana hata kidogo, na anayezisoma kana kwamba ni kitu kimoja lazima atapotoka.

Mpango wa kwanza ulijulikana kwa herufi PPP. Ulianzishwa na sheria iliyotiwa saini tarehe 27 Machi 2020, ukawekwa chini ya SBA, idara ya serikali kuu inayoshughulikia biashara ndogo, na maombi yakaanza kupokelewa tarehe 3 Aprili. Haukuwa wa wakulima peke yao: kinyozi, mwenye mgahawa na mwenye shamba walipanga foleni moja, na foleni yenyewe ilikuwa benki. Dola bilioni 349 zilizotengwa mwanzoni ziliisha kwa siku 13, ikabidi Bunge liongeze nyingine. Kwa jina ulikuwa mkopo wa riba ya asilimia 1, lakini aliyezitumia fedha kama sheria ilivyoagiza, sehemu kubwa ikiwa kwenye mishahara, alisamehewa deni lote. Kiasi cha mkopo kilitokana na wastani wa mishahara ya mwezi mmoja, ukizidishwa mara mbili na nusu. Zingatia kwamba katika mkopo wa kwanza mwombaji hakutakiwa kuonyesha hasara yoyote. Alitia saini tu kwamba mashaka ya uchumi yamemfanya auhitaji mkopo huo. Kwa hiyo tarakimu ya PPP iliyo mbele ya jina la mzee haikwambii alipoteza nini. Inakwambia alikuwa akilipa mishahara kiasi gani.

Mpango wa pili, CFAP, ulikuwa wa wakulima na wafugaji peke yao, chini ya Wizara ya Kilimo, na ulitangazwa tarehe 17 Aprili 2020 na waziri wa wakati huo, Sonny Perdue. Hapa hapakuwa na mkopo. Ilikuwa fidia ya bei iliyoanguka. Shule, hoteli na mikahawa vilifungwa takriban kwa wakati mmoja, na maziwa yaliyozoea kwenda huko yakakosa pa kwenda, kwa kuwa kiwanda kilichojengwa kujaza pakiti ndogo za watoto wa shule hakiwezi kugeuzwa kwa usiku mmoja kikajaza galoni za dukani. Ng'ombe naye hana habari na karantini, asipokamuliwa anaugua. Dairy Farmers of America, ushirika mkubwa kuliko wote wa wafugaji wa maziwa nchini humo, ulikadiria mwezi huo kwamba wafugaji walikuwa wakimwaga hadi galoni milioni 3.7 kwa siku.

Hesabu ya mfugaji wa maziwa katika awamu ya kwanza ilikwenda hivi. Afisa wa FSA, tawi la wizara lenye ofisi katika kaunti nyingi, hakuuliza mzee ana ng'ombe wangapi. Aliuliza zizi lilitoa pauni ngapi za maziwa Januari, Februari na Machi 2020, jambo ambalo mfugaji analo tayari kwenye stakabadhi za mnunuzi wake. Kila pauni 100 zililipwa takriban dola 6.20, kwa kujumlisha viwango viwili: dola 4.71 kwa maziwa ya miezi hiyo mitatu, na dola 1.47 kwa makadirio ya miezi mitatu iliyofuata. Chukua zizi la ng'ombe 60 lililotoa pauni 325,000: linapata dola 20,150. Gulioni, anayesikia dola elfu ishirini anaona gari jipya. Mwenye zizi anaona bili ya chakula cha ng'ombe, ya umeme wa kupozea maziwa, na ya daktari wa mifugo.

Hata hivyo nisingependa uamini kwamba kila senti ililingana na hasara. Bei ya msingi ya maziwa ya kutengenezea jibini ilikuwa dola 17.05 kwa pauni 100 mwezi Januari, ikashuka hadi 12.14 mwezi Mei, kisha mwezi Juni ikaruka hadi 21.04, kwa sehemu kwa sababu serikali yenyewe ilikuwa ikinunua jibini kwa wingi kwa ajili ya masanduku ya chakula yaliyogawiwa familia. Malipo yalipimwa kwa bei iliyoanguka, na bei ilipopanda hakuna aliyedaiwa kurudisha kitu, ingawa namna maziwa yanavyolipwa Marekani ina makato na mafungu mengi kiasi kwamba si kila mfugaji aliyeiona nafuu hiyo kwenye hundi yake.

Sasa nyinyi wenyewe. Kwa mboga na matunda, awamu ya kwanza ilihesabu hasara zilizotokea kati ya tarehe 15 Januari na 15 Aprili 2020. Unaishi Maine, kwa hiyo unajua shamba lako lilikuwa na nini katikati ya Februari: theluji. Wakati mkulima wa letasi wa California alikuwa anavuna na kukosa mnunuzi, wewe ulikuwa hujatia hata mbegu kwenye trei. Waliopanga tarehe hizo hawakuwa na kinyongo na mtu, ila waliutazama mwaka kwa macho ya mashamba makubwa ya kusini na magharibi, na mkulima wa gulio wa kaskazini akaachwa nje kwa kalenda tu. Huo, kwa maoni yangu, ndio upungufu ambao orodha haiwezi kukuonyesha, kwa sababu asiyestahili kuomba haandikwi popote.

Awamu ya pili, iliyofunguliwa tarehe 21 Septemba 2020, ilirekebisha jambo hilo. Badala ya kuuliza ulipoteza nini, iliuliza uliuza kiasi gani mwaka 2019, na kwa mauzo ya chini ya dola 50,000 ililipa asilimia 10.6. Aliyeuza mboga za dola 12,000 alistahili dola 1,272, ambazo si haba kwa ekari mbili. Maombi yalifungwa Desemba, yakafunguliwa tena tarehe 5 Aprili 2021 chini ya waziri mpya, Tom Vilsack, na yakafungwa moja kwa moja tarehe 12 Oktoba mwaka huo. Fomu ya maombi haikuwa ndefu. Tatizo ni kwamba mkulima ambaye hakuwahi kuandikishwa FSA alitakiwa kwanza kujaza fomu za kumtambulisha yeye, shamba lake na kipato chake, tena wakati ofisi nyingi zilikuwa zikihudumia watu kwa simu na barua pepe. Na kuelezana mambo ya namna hiyo kwa simu, kwa Kiingereza cha gulioni, ni mtihani. Kama hamkuomba, fedha hizo zimekwisha pita. Lakini nendeni mkajiandikishe FSA hata sasa, kwa kuwa aliyeandikishwa hupata mwanzo rahisi kila mpango mpya unapotangazwa.

Kuhusu uhalali: ni halali, na mwombaji alikuwa ameambiwa. Fomu ya kuombea PPP ilikuwa na tangazo kwamba jina la mkopaji na kiasi cha mkopo ni taarifa zitakazotolewa kwa umma chini ya sheria ya haki ya kupata habari. Pamoja na hayo serikali ilivuta miguu. Juni 2020 Waziri wa Fedha, Steven Mnuchin, aliwaambia maseneta kwamba majina na viasi hivyo ni siri za biashara. Kelele zilipozidi, tarehe 6 Julai yakatolewa majina ya waliokopa dola 150,000 na zaidi, na hata hao viasi vyao havikutajwa. Waliwekwa kwenye mafungu, kwa mfano kati ya dola 150,000 na 350,000. Vyombo vya habari vilikuwa vimekwisha kwenda mahakamani. Tarehe 5 Novemba Jaji James Boasberg wa mahakama ya shirikisho mjini Washington aliamuru majina yote na viasi kamili vitolewe, akiegemea pamoja na mambo mengine lile tangazo la kwenye fomu, na tarehe 1 Desemba usiku orodha nzima ikatoka, hadi ya mikopo midogo kabisa.

Malipo ya Wizara ya Kilimo yana historia ndefu zaidi. Sheria ya kilimo ya mwaka 2008, katika kifungu cha 1619, iliweka mpaka ambao bado unatumika: ramani za mashamba na maelezo ya uzalishaji ambayo mkulima humpa afisa ni siri, lakini malipo, pamoja na jina na anwani ya aliyelipwa, si siri. Ndiyo maana shirika la Environmental Working Group limekuwa likichapisha malipo ya ruzuku za kilimo tangu yale ya mwaka 1995, na ndiyo maana unaweza kujua mzee alilipwa kiasi gani bila kuweza kujua zizi lake lilitoa maziwa kiasi gani. Wasomaji wetu wa Tanzania wanaokumbuka vocha za pembejeo watalielewa jambo hili haraka. Orodha ya waliopewa vocha ilipaswa kupita kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya watu wanaojua nani ana shamba na nani hana. Tofauti ni kwamba kule kijijini waliosoma orodha walikuwa wanajua pia shida za mtu.

SWALI: Bwana Mhariri, mimi ni Mkongomani, ninaishi Iowa, nina mbuzi na kuku kidogo. Mwaka 2021 nilienda benki kuomba PPP kwa sababu mwenzangu aliniambia wakulima sasa wanapewa hata kama shamba lilipata hasara. Nikapewa dola 12,500, na baadaye nikasamehewa. Mwezi uliopita shemeji yangu aliyeko Uvira alinitumia picha ya skrini ya simu yake: jina langu, anwani ya nyumba yangu, na dola 12,500. Sasa kila siku ni ada ya shule, ni mazishi, ni bati la nyumba ya mama. Tena kwenye kodi nilionyesha hasara ya dola 3,000, naogopa wataniita mwizi. Nawezaje kuondoa jina langu? (Msomaji, Iowa)

JIBU: Kaka, jina halitaondoka. Uliloliandika kwenye fomu ndilo lililochapishwa, na uamuzi wa mahakama niliousimulia hapo juu unakuhusu wewe kama unavyolihusu kampuni la mamilioni. Hapo ndipo napata kigugumizi na sheria hii, ambayo kwa jumla naiunga mkono: kampuni kubwa lina jina la biashara na ofisi mjini, lakini mkulima mdogo jina la shamba lake ni jina lake, na anwani ya biashara ni mlango anaolala nyuma yake. Uwazi uleule unamgusa mmoja kwenye ukurasa wa biashara wa gazeti, na mwingine sebuleni.

Hofu ya wizi iache. Mwanzoni mwa mpango, mkulima asiye na wafanyakazi alipimwa kwa faida ya shamba iliyo kwenye Schedule F, ile karatasi ya kodi ya wakulima, na kwa kuwa mashamba mengi huonyesha hasara baada ya kutoa uchakavu wa mitambo na gharama nyingine, wengi walipata sifuri. Sheria iliyotiwa saini tarehe 27 Desemba 2020 ilibadilisha kipimo, kikawa mapato ghafi kabla ya kutoa gharama, hadi kikomo cha dola 100,000 kwa mwaka. Dola 12,500 zako zinaonyesha kwamba mapato yako ghafi yalikuwa dola 60,000: gawanya kwa miezi 12, unapata 5,000, zidisha kwa mbili na nusu. Hasara ya dola 3,000 haina uhusiano na hesabu hiyo, na mwenzako alikuambia kweli. Hifadhi karatasi zako zote, kwa kuwa mwaka 2022 sheria iliongeza muda wa kufungua kesi za udanganyifu wa PPP hadi miaka 10, na mtu asiye na kosa ndiye mwenye haja zaidi ya kuwa na risiti.

Kwa shemeji, mwambie jambo moja ambalo picha ya skrini haisemi. Kiasi hicho kilikusudiwa kuwa badala ya kipato chako cha miezi miwili na nusu, mapato ghafi, kabla hujanunua chakula cha mbuzi. Kilikuja mara moja, mwaka 2021. Kama ataendelea kukuuliza, muulize naye mbuzi wa Iowa anakula nini Januari.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Nilifanya kazi kwenye kiwanda cha nguruwe Sioux Falls, South Dakota, mwaka ule wa korona. Niliugua, na rafiki yangu wa laini moja nami alifariki. Nimesoma kwamba wenye nguruwe walilipwa mamilioni. Na sisi tuliowakata? (Msomaji, South Dakota)

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa msiba wa mwenzako.

Barua yako ilinirudisha kwenye taarifa ambayo wataalamu wa CDC, idara ya serikali kuu ya kudhibiti magonjwa, waliiandika Aprili 2020 baada ya kutembelea kiwanda kilichokuwa na wafanyakazi wapatao 3,700 katika mji huo. Walikuta lugha 40 zinazungumzwa humo ndani, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa kumi zilizoongoza, pamoja na Kikunama, Kinepali, Kitigrinya na nyinginezo. Kiwanda kilitangaza kufungwa tarehe 12 Aprili. Kwa hesabu ya idara ya usalama kazini, wafanyakazi wasiopungua 1,294 waliambukizwa na wanne walifariki. Faini iliyopendekezwa ilikuwa dola 13,494.

Kiwanda kinapofungwa nguruwe hazuiwi kukua. Mabanda yaliyopangwa kupokea watoto wapya kila baada ya wiki kadhaa yalijaa, na wapo wafugaji waliolazimika kuwaua wanyama wazima wakawafukia. Kwa ajili hiyo CFAP ililipa, katika awamu ya kwanza, dola 28 kwa kila nguruwe mdogo wa chini ya pauni 120 aliyeuzwa kati ya katikati ya Januari na katikati ya Aprili, dola 18 kwa mkubwa zaidi, na dola 17 kwa kila aliyekuwa bandani baada ya hapo. Kikomo kilikuwa dola 250,000 kwa mtu mmoja, lakini kampuni lenye wanahisa watatu wanaofanya kazi shambani wenyewe liliweza kufikia 750,000. Tena, si wote wenye mabanda waliolipwa: anayefuga kwa mkataba, nguruwe wakiwa mali ya kampuni, aliachwa nje mwanzoni, na ikabidi Bunge litenge fungu lake baadaye.

Wafanyakazi mlikumbukwa mwisho, na kidogo. Mwaka 2021 Wizara ya Kilimo ilitangaza mpango wa kuwalipa dola 600, mara moja tu, vibarua wa mashambani, wafanyakazi wa viwanda vya nyama na baadhi ya wafanyakazi wa maduka ya vyakula, kwa gharama walizoingia kwa sababu ya janga. Fedha zilipitia mashirika yasiyo ya faida yaliyotajwa mwaka 2022, na wewe kama mfanyakazi wa kiwanda cha nyama ulistahili kuomba. Kama ulipokea, hutaliona jina lako kwenye orodha kama zile za akina mzee wa Maine, kwa kuwa kinachoonekana kwenye kumbukumbu za umma ni ruzuku ya shirika zima. Kwa hiyo anayetaka kulinganisha malipo ya mwenye nguruwe na ya mkata nguruwe atapata upande mmoja majina na senti, na upande wa pili jumla tu.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasoma chuo hapa Columbus, Ohio, na mwalimu ametupa kazi ya kuchunguza malipo ya korona kwa mashamba ya kaunti yetu. Nimepakua majedwali yote. Naona udaku tu: nani kapata, nani kakosa. Je, yana manufaa mengine? (Mwanafunzi, Ohio)

JIBU: Yana manufaa makubwa pale unapoacha kusoma mstari mmoja mmoja ukaanza kujumlisha. CFAP peke yake ililipa zaidi ya dola bilioni 30. Machi 2021 Vilsack aliliambia gazeti la Washington Post kwamba katika takriban dola bilioni 26 za awamu mbili zilizokuwa zimelipwa hadi wakati huo, wakulima weusi walipata dola milioni 20.8, yaani asilimia 0.1. Sensa ya kilimo ya mwaka 2017 iliwahesabu kuwa kama asilimia 1.4 ya wazalishaji wote. Hakuna afisa aliyehitaji kumbagua mtu dirishani ili tarakimu hiyo itokee, ingawa historia ya ubaguzi katika ofisi hizo imeandikwa na mahakama. Ilitosha malipo yafuate idadi ya ng'ombe, ekari za mahindi na pauni za maziwa, kisha waliokwisha nyimwa ardhi na mikopo kwa vizazi walipwe kulingana na kidogo walichobaki nacho. Jambo hilo huwezi kuliona ukimtazama jirani mmoja.

Kuhusu kuyaamini majedwali: yaamini kuhusu fedha zilizotoka, yashuku kuhusu mengine. Malipo ya CFAP yalitegemea maelezo ambayo mkulima aliyatia saini mwenyewe, na ukaguzi ulikuja baadaye kwa kuchagua baadhi. Mwaka 2022 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, iliitaka wizara ifanye ukaguzi ulio makini zaidi. Kwenye jedwali la PPP, safu ya ajira ndiyo dhaifu kuliko zote. Ina sifuri na nafasi tupu nyingi, na haikuwahesabu wafanyakazi ambao makazi yao makuu yako nje ya Marekani, kwa hiyo shamba la matufaha linaloleta vibarua kutoka Mexico au Jamaika kila msimu linaweza kuonekana lina watu watatu.

Kabla hujaandika kwamba shamba fulani lilipata kiasi fulani, panga jedwali kwa anwani badala ya jina. Utakuta baba ameomba kwa jina lake, mwana kwa jina la kampuni, na shamba lenyewe kwa jina la tatu, na barabara ni moja. Wakati mwingine hayo ni mashamba matatu ya kweli yenye ng'ombe tofauti, na wakati mwingine ni zizi moja lenye milango mitatu; jedwali halitakwambia ni lipi, na hapo itakubidi upande basi uende ukabishe hodi.